Kusafisha Picha na Kuagiza Zawadi za Picha Mtandaoni Ukiwa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila mara watu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na Geita wanapofikiria kuagiza picha kwa njia ya mtandao badala ya kwenda studio. Yameanza na yale ya msingi na kuishia kwa yale ya nadra. Majibu yote yanasimama juu ya ushauri mmoja: usiihukumu huduma kwa ukurasa wake wa matangazo, bali kwa picha chache zilizokwisha kufika mkononi mwako, na ufanye hivyo kabla ya kuikabidhi albamu ya harusi.

## Mambo ya msingi

Huduma ya kusafisha picha mtandaoni ni kitu gani hasa?

Ni studio au kiwanda cha uchapaji kinachopokea picha zako kupitia tovuti, programu ya simu au WhatsApp, kikazichapa kwenye karatasi, kikombe, fulana, kanvasi au kalenda, kisha kikakutumia. Kwetu Tanzania mteja hukutana zaidi na zile zinazoendeshwa kwa ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp, ambako mtu halisi hupokea faili na kuzipanga. Mpango huo una faida yake, kwa kuwa unaweza kuuliza na kujibiwa, lakini una hasara pia, kwa sababu WhatsApp huzipunguza picha njiani. Jambo hilo limeelezwa katika sehemu ya faili.

Studio zimejaa mjini. Kuna sababu gani ya kuagiza mtandaoni?

Mara nyingi hakuna. Mwenye kuhitaji picha za pasipoti, au picha nne za sentimita 10 kwa 15 za mtoto aliyepata komunyo ya kwanza, atahudumiwa haraka zaidi katika studio yoyote ya katikati ya jiji, na ataziona kabla ya kulipa. Huduma ya mtandaoni huanza kuwa na maana pale unapotaka kitu ambacho studio ya mtaani haikitengenezi, kama vile kitabu cha picha chenye jalada gumu, kanvasi kubwa iliyonyooshwa kwenye fremu ya mbao, au vikombe vingi vya mahafali vyenye majina tofauti. Ina maana pia kwa anayeishi Nansio au Ukara, ambaye safari ya mjini humgharimu siku nzima.

Je, huduma kubwa za nje, kama Shutterfly au CEWE, zinamfaa mtu wa Mwanza?

Shutterfly ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1999, na CEWE ni ya Ujerumani. Huduma za namna hiyo zimejengwa kwa wateja wa nchi zao na nchi jirani, hivyo kabla ya kupakia picha hata moja, fungua orodha ya nchi wanakopeleka mizigo. Hata pale zinapokubali kutuma Tanzania, nauli ya kifurushi na kodi za forodha zinaweza kuipita bei ya picha zenyewe. Zina kazi moja ambayo huifanya vizuri sana kwa ajili yetu, nayo imeelezwa katika swali la mwisho.

## Faili: mahali ambapo kazi nyingi huharibikia

Nitajuaje kama picha yangu ina ubora wa kutosha kwa ukubwa ninaoutaka?

Kipimo kinachotumika katika uchapaji wa picha ni nukta 300 kwa kila inchi, sawa na takribani pikseli 118 kwa kila sentimita. Kwa hiyo zidisha upana na urefu wa picha unayotaka kwa 118, ulinganishe na idadi ya pikseli inayoonekana kwenye maelezo ya faili ndani ya simu yako. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takribani pikseli 1,200 kwa 1,800, na ukurasa wa A4 unahitaji 2,480 kwa 3,508. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, ambayo inajaza A4 bila shida yoyote.

Kanvasi ya ukutani ni suala jingine. Kwa kuwa hutazamwa kutoka mbali, nusu ya kipimo hicho, yaani pikseli 59 kwa sentimita, hutosha. Kanvasi ya 60 kwa 90 itahitaji basi pikseli 3,540 kwa 5,310.

Je, nitume picha kwa WhatsApp?

Itume, lakini kama hati na si kama picha. Ukituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza hadi upande mrefu ubaki na takribani pikseli 1,600, na pia hubana rangi. Kwa picha ya 10 kwa 15 hasara hiyo haionekani sana. Kwa A4 inaonekana wazi: nywele hugeuka utando, na anga la jioni juu ya ziwa hujaa mistari badala ya kufifia taratibu. Chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 linasaidia, ingawa hati bado ni salama zaidi, kwa sababu faili hufika kama ilivyo.

Onyo hilihili linahusu picha zilizopakuliwa kutoka Instagram na Facebook, na hasa picha za skrini. Aliyepiga picha ya skrini ya harusi ya dada yake amepata picha ya kioo cha simu tu, na hakuna mashine itakayoirudishia kilichokwisha kupotea. Mwombe mpiga picha faili halisi.

Kwa nini vichwa au miguu hukatwa picha ikifika?

Kwa sababu umbo la picha na umbo la karatasi havilingani. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Ili karatasi ijae, mashine hukata takribani asilimia 11 ya upande mfupi wa picha, na kama watu walijipanga hadi ukingoni, kinachokatwa ni kilemba cha bibi au viatu vya bwana harusi.

Dawa ni mojawapo kati ya mbili: kata picha mwenyewe kwa uwiano wa 3 kwa 2 kabla ya kuituma, ili wewe ndiye uamue kinachobaki, au uagize picha ichapwe nzima ikiwa na kingo nyeupe. Usiache uamuzi huo kwa mashine.

Faili za iPhone hukataliwa. Nifanye nini?

Tangu mwaka 2017 iPhone huhifadhi picha katika muundo wa HEIC, na si kila huduma inaupokea. Badilisha mipangilio ya kamera ili ihifadhi JPEG, au zigeuze picha zilizopo kabla ya kuzipakia.

Kupakia picha nyingi kunamaliza bando kiasi gani?

Picha moja ya megapikseli 12 huwa na megabaiti 3 hadi 5, kwa hiyo albamu ya picha 50 hufikia megabaiti 200 hivi. Tafuta Wi-Fi, au subiri usiku mtandao unapokuwa mwepesi, na usifunge programu katikati. Kazi ikikatika, hesabu picha zilizofika kabla ya kuthibitisha oda.

## Kujaribu huduma kabla ya kuiamini

Nianze kwa kuagiza nini?

Agiza picha tano au sita ndogo, na kila moja iwe na mtihani wake. Picha zinazopendeza kirahisi, kama ua lililopigwa mchana wa jua, hazifundishi kitu, kwa kuwa mashine yoyote huzichapa vizuri.

Ya kwanza iwe uso wa mtu mweusi aliyekaa kivulini, kwa sababu hapo ndipo marekebisho ya kiotomatiki hushindwa mara nyingi. Ya pili iwe bibi harusi mwenye shela nyeupe juani, uone kama urembo wa kitambaa umebaki au umemezwa na weupe. Ya tatu iwe anga la machweo, tuseme nyuma ya Jiwe la Bismarck, ambako rangi hupita polepole kutoka manjano hadi zambarau na kila mstari wa kasoro hujitokeza. Ya nne iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Ikifika ikiwa na ukijani au uwaridi, mashine haijapangwa vizuri, na kasoro hiyo imo pia katika picha za rangi, ila huko inajificha. Ya tano iwe na mstari mwembamba uliochorwa kuzunguka kingo zote, ili ujue karatasi inakatwa sawasawa kiasi gani.

Ukitaka kulinganisha huduma mbili, tuma faili zilezile kwa zote mbili, kwa ukubwa uleule na karatasi ya aina ileile. Picha zikifika, zitazame pamoja karibu na dirisha mchana, kwa maana taa ya ndani huongopa kuhusu rangi.

Kwa nini ngozi nyeusi hutoka kijivu, au hupauka kupita kiasi?

Huduma nyingi huiacha programu irekebishe mwanga yenyewe. Programu ikiona picha yenye giza kubwa hudhani kwamba mwanga haukutosha, na huiangaza yote. Uso hupauka, na shela hupoteza urembo wake. Tatizo lina historia ndefu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kadi ya mfano ya Kodak iliyoonyesha mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana.

Waombe wazime marekebisho ya kiotomatiki. Huduma nzuri itakuelewa mara moja. Itakayojibu kwamba haijui unazungumzia nini imekwisha kukupa jibu la kutosha.

Mbona picha kwenye simu inang'aa, na kwenye karatasi ina giza?

Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi huazima mwanga wa chumba. Punguza mwangaza wa simu hadi nusu, uitazame picha upya. Ikiwa uso hausomeki hapo, uongeze mwanga kidogo kabla ya kutuma.

Nichague karatasi ya kung'aa au isiyong'aa?

Ya kung'aa huonyesha rangi nzito na weusi wa kina, lakini hushika alama za vidole na hurudisha mwanga wa dirisha. Isiyong'aa inafaa zaidi kwa picha zitakazopitishwa mkono kwa mkono sebuleni. Uliza pia zinatoka kwenye mashine ya aina gani: picha iliyosafishwa kwa kemikali kwenye karatasi yenye chumvi za fedha huvumilia maji na miaka kuliko ile ya wino wa bei nafuu, ambayo tone moja la mvua linaweza kuichafua.

## Zawadi za picha

Kikombe chenye picha hudumu?

Kikombe kilichotengenezwa vizuri hudumu sana. Picha huchapwa kwa wino maalumu kwenye karatasi, kisha hubanwa kwenye kikombe chenye tabaka la plastiki kwa joto la takribani nyuzi 180 hadi 200, na wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya tabaka hilo. Ndiyo maana ukipitisha ukucha hutahisi mpaka wowote. Ukihisi kingo za karatasi, umeuziwa stika. Usikisugue kwa stilwaya.

Weka uso wa mtu upande ulio mbali na mkono wa kikombe, na uchague picha iliyo pana, kwa kuwa eneo la kuchapa lina upana wa takribani sentimita 20 na kimo cha 9 tu. Picha ndefu ya mtu aliyesimama itabanwa hadi iwe ndogo mno.

Na fulana?

Mbinu hiyohiyo ya joto hushika kwenye poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu. Ukitaka pamba, au fulana nyeusi, uliza mbinu wanayotumia, kisha ufue fulana ya majaribio mara kadhaa kabla ya kuagiza za ukoo mzima.

Nitaepukaje makosa ya majina kwenye kalenda, vikombe na mabango?

Andika jina mwenyewe kwenye ujumbe, wala usilisome kwa simu. Majina ya Kisukuma yenye ng' huumia zaidi: kiolezo cha tovuti kinaweza kuitupa alama ya ritifaa, kugeuza Ng'wandu kuwa Ngwandu, au kulikata jina mahali pasipostahili. Dai mfano wa kuhakiki kabla ya uchapaji, umpe mtu mwingine wa nyumbani ausome, na ukubali kwa maandishi. Ukishakubali, kosa lililobaki ni lako.

Kitabu cha picha kinahitaji tahadhari gani?

Usiweke uso wa mtu katikati ya kurasa mbili, kwa sababu mshono wa kitabu utaumeza, isipokuwa kama kimefungwa kwa namna inayolala wazi kabisa. Acha angalau milimita 3 kila ukingo zisizo na kitu cha maana, kwa kuwa hukatwa kiwandani. Na upunguze picha. Kitabu cha send-off chenye picha sita kila ukurasa huchosha, ilhali picha moja kubwa ya mama akimkabidhi binti yake inautosha ukurasa mzima.

## Malipo na usafirishaji

Nilipe vipi kwa usalama?

Kwa huduma ya ndani, lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, si kwa namba ya mtu binafsi, na ulinganishe jina linalotokea kwenye simu na jina la ukurasa kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa kukutaka utume pesa kwa namba nyingine kwa sababu ile ya kwanza ina tatizo ni ndugu wa karibu wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Kwa oda ya kwanza, omba kulipa sehemu. Huduma ya nje itataka kadi. Baadhi ya huduma za pesa za simu hutoa kadi ya mtandaoni, ambayo ni bora kuliko kuianika kadi ya akaunti ya mshahara.

Kifurushi kutoka Dar es Salaam kinafikaje?

Njia iliyozoeleka ni basi, na mara nyingi mzigo hufika siku inayofuata. Andika jina la mpokeaji, namba ya simu inayopatikana, na kituo cha kuchukulia, kwa mfano ofisi ya basi iliyopo stendi ya Nyegezi; maelezo ya nyumba kwa mtindo wa "karibu na mwembe" humchosha bodaboda bure. Omba namba ya risiti ya mzigo na jina la basi. Kwa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Kwa Ukerewe, elekeza kama mzigo upite majini kutoka Mwanza au uzunguke Bunda na kivuko cha Kisorya.

Sisitiza ufungaji. Picha zilale kati ya makadibodi mawili magumu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa buti la basi msimu wa mvua si mahali pakavu.

Kimefika kimeharibika. Nina haki gani?

Kifungue palepale ofisini, ukipiga video tangu kamba ya kwanza inapokatwa. Kitu kilichotengenezwa kwa jina lako kwa kawaida hakirudishwi kwa sababu hukukipenda, lakini kasoro ya uchapaji au ufungaji ni ya muuzaji. Toa taarifa siku hiyohiyo. Huduma iliyokosea ikachapa upya bila ubishi inastahili kuaminiwa kuliko ile ambayo haijawahi kupimwa.

## Hali za pekee

Picha zangu ziko salama huko?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu nchini, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata hivyo, tahadhari hutangulia. Usipakie picha za watoto wakioga, za wagonjwa, wala za vitambulisho, na uandike wazi kwamba hujaruhusu picha zako zitumike kama tangazo.

Je, wataziweka milele?

La. Kodak Gallery, iliyokuwa miongoni mwa huduma kubwa za Marekani, ilifungwa mwaka 2012 na picha za wateja wake zikahamishiwa Shutterfly. Tovuti ya uchapaji si ghala. Hifadhi nakala zako mahali pawili.

Nina picha ya zamani ya babu. Nitaitumaje?

Iskani kwa nukta 600 kwa inchi ikiwa ni ndogo. Bila skana, iweke mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima mwako (flashi) wa simu, na uipige kutoka juu moja kwa moja. Picha iliyogandana na kioo cha fremu kwa unyevu usiibandue; ipige ikiwa ndani ya kioo hichohicho. Nakala mpya ikifika, fremu iwe na kadibodi ya kuitenga picha na kioo, na isitundikwe mahali panapopigwa na jua la mchana.

Tumepata msiba na tunahitaji picha kubwa kesho.

Nenda studio ya karibu yenye mashine yake. Huduma ya mbali haifai hapa, hata ikiahidi. Kinachoweza kuharakishwa ni kulitafuta faili halisi miongoni mwa ndugu. Tazama swali la WhatsApp.

Naweza kuchapa picha aliyopiga mtaalamu, au nembo ya Simba au Yanga?

Picha ya mtaalamu inalindwa na sheria ya hakimiliki, hivyo mwombe idhini. Wengi hutoa bila malipo kwa matumizi ya nyumbani. Kuchapa nembo ya klabu kwenye vikombe vya kuuza bila idhini ya klabu ni kosa.

Ninataka kumpelekea zawadi ya picha ndugu aliye Marekani au Ulaya.

Hapa ndipo huduma za nje zina nafasi yake. Badala ya kununua kikombe Mwanza na kulipia nauli ya ndege, pakia picha kwenye huduma ya nchi anayoishi, uandike anwani yake, na ulipe kwa kadi; itachapwa hukohuko na kupelekwa kwa posta ya ndani. Mchanganuo wa bei mara nyingi huambatana na barua pepe ya oda na si kifurushi, lakini weka alama kwamba ni zawadi ikiwa tovuti inauliza. Kwa kuwa hutakiona kitu kwa macho yako, mwombe ndugu huyo akupigie picha ya kikombe hicho karibu na dirisha mchana, uipime kama ulivyozipima picha za majaribio.